Kabla hujalipia gredi ya juu: jinsi ya kulinganisha sedani na mifumo yake ya kumsaidia dereva

Chukua sedani mbili za modeli moja, mwaka mmoja na rangi moja, uziegeshe ubavu kwa ubavu. Macho yatakimbilia rimu, halafu bomba la moshi, halafu ule urembo mweusi unaong'aa kwenye grili. Muuzaji naye ataanzia hapo hapo. Sasa sogea kwenye kioo cha mbele uchungulie nyuma ya kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma: kuna kijumba cha plastiki chenye jicho la kamera, au pako wazi? Kisha inama uangalie nembo ya mbele. Kuna nembo zilizo na matundu na mikunjo ya kawaida, na kuna zile bapa, laini kama kioo cha simu, ambazo mara nyingi zimeficha rada kwa nyuma. Dakika moja ya kuinama hivyo imewahi kunifunza mengi kuliko vipeperushi vyote nilivyobeba nyumbani siku hiyo.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuamua kwamba anataka sedani ya ukubwa wa kati, yaani zile za rika la Toyota Camry, Honda Accord, Hyundai Sonata au Nissan Altima, na sasa amekwama kwenye swali la gredi, yaani achukue toleo lipi la modeli hiyo kwa vifaa na bei. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: anzia gredi ya chini kabisa, panda ngazi moja moja, na kila ngazi ijieleze kwa nini ulipie zaidi. Wengi huanzia juu. Wakishakaa kwenye full option, wakaonja viti vya ngozi na paa la kioo, kila ngazi wanayoshuka wanaona kama wananyang'anywa kitu ambacho hata hakikuwa chao.

Hatua ya 1: Usiyaamini majina ya gredi

LE, SE, XLE, SV, Touring, Limited. Ukizisoma haraka unaweza kudhani kuna baraza fulani lililokaa likapanga maana zake. Halipo. Kwenye Hyundai Sonata ya 2020, SE ndiyo iliyokuwa gredi ya kuanzia. Kwenye Camry, SE iko juu ya LE na imepewa sura ya kimichezo. Honda wameitumia SE kwenye Accord ya 2025, ikakaa juu ya LX. Herufi zile zile mbili, vitu vitatu tofauti.

"Touring" nalo lina vituko vyake. Kwenye Accord ni kilele. Kwenye Mazda6 ya 2018 lilikuwa ngazi ya pili kutoka chini, na lililokuwa chini yake liliitwa "Sport". Mtu anayetoka kuangalia Mazda akaingia kuangalia Honda, akasikia "Sport", anaweza kufikiri anaonyeshwa gari la bei rahisi, kumbe kwenye Accord ya 2023 Sport ni haibridi (injini ya petroli ikisaidiana na mota ya umeme) iliyo juu ya EX.

Kwa hiyo ukiambiwa jina la gredi, uliza mambo matatu papo hapo: ni ngazi ya ngapi kati ya ngapi, ni ya mwaka gani wa modeli, na gari lilitengenezwa kwa soko la nchi gani. Swali la mwaka lina uzito kwa sababu watengenezaji huhamisha vitu kutoka gredi moja hadi nyingine kila mwaka bila kelele. La soko lina uzito zaidi: gari lenye jina lile lile linaweza kuuzwa nchi moja likiwa na kamera na rada zote, na nchi nyingine likiwa na breki za kawaida na mifuko ya hewa basi.

Kama gari limeshatumika, nembo iliyobandikwa kwenye buti usiihesabu kuwa ushahidi. Nembo hununuliwa dukani na hubandikwa kwa gundi. Chukua namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, uifanyie utafutaji upate orodha ya vifaa gari lilivyotoka navyo kiwandani. Kwa magari ya soko la Amerika Kaskazini, alama ya 10 katika namba hiyo ndiyo inayotaja mwaka wa modeli: J ni 2018, P ni 2023. Ukiambiwa gari ni la 2023 na alama ya 10 ni N, hilo ni la 2022, na huenda linakosa kile hasa ulichokifuata.

Hatua ya 2: Panga vitu katika mafungu matatu

Kabla hujafungua jedwali la kampuni, andika lako. Karatasi moja inatosha. Juu andika unavyoendesha kwa kweli: foleni au barabara kuu, usiku au mchana, peke yako au na watu watatu nyuma, na unaegesha wapi. Chini yake chora mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu visivyoongezeka baadaye, au vinavyoongezeka kwa shida kiasi kwamba fundi mwenye akili atakukatalia. Humo mnaingia injini, mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, breki ya dharura inayojifunga yenyewe, kruzi (mfumo unaoshika mwendo bila mguu wako kwenye mafuta) inayofuata gari la mbele, rada za pembeni na taa za mbele. Hivi vimefungamana na nyaya, kompyuta na programu za gari tangu kiwandani.

La pili ni vile ambavyo karakana yoyote nzuri inaweza kukuwekea: rimu, ngozi ya viti, sensa za kuegeshea, kamera ya kurekodi safari, hata skrini kubwa zaidi.

La tatu ni vile utakavyovisahau baada ya mwezi. Mimi humo naweka taa za rangi za milangoni na sauti ya injini inayotengenezwa na spika. Wewe una yako. Usimwige mtu.

Fedha ya kupanda gredi ielekezwe fungu la kwanza. Ukikuta tofauti kati ya ngazi mbili yote imeangukia fungu la pili na la tatu, umeshapata jibu la ngazi hiyo, endelea na nyingine.

Kuna mtego mmoja hapa: furushi. Mara nyingi kifaa unachokitaka hakiuzwi peke yake, kimefungwa pamoja na paa la kioo na spika kumi. Wakati mwingine kuchukua gredi ya chini na kuongeza furushi kunakufikisha mahali pale pale kama gredi ya juu, na wakati mwingine furushi hilo haliruhusiwi kabisa kwenye gredi ya chini. Uliza mambo yote mawili.

Hatua ya 3: Kwa kila mfumo, uliza "unalia au unatenda?"

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, na ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Niliwahi kuonyeshwa sedani moja, muuzaji akaniambia kwa kujiamini kabisa kwamba "inasimama yenyewe". Niliomba kitabu cha gari kilichokuwa kwenye droo ya mbele. Tukafungua ukurasa pamoja, kidole changu kikipita kwenye mistari. Gari lilikuwa na onyo la kugonga mbele: taa nyekundu kwenye dashibodi na mlio. Hakukuwa na sentensi hata moja iliyosema litafunga breki. Muuzaji hakuwa mwongo, alikuwa hajawahi kusoma. Lakini mimi ndiye ningekuwa nyuma ya usukani siku ya kujua tofauti.

Tofauti hiyo inapimika. Taasisi ya usalama barabarani ya bima za Marekani, IIHS, imelinganisha ajali za magari yenye mifumo hii na yasiyo nayo. Onyo la mbele peke yake lilipunguza ajali za kugonga gari la mbele kwa nyuma kwa asilimia 27. Onyo likiambatana na breki inayojifunga, upungufu ulifika karibu asilimia 50. Sababu unaweza kuihesabu mwenyewe. Kwenye kilomita 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Mlio ukikukuta umegeuza shingo, sekunde ya kwanza inaishia kwenye kushtuka. Breki inayojifunga haishtuki.

Nyuma ya gari tofauti ni kubwa zaidi. Kwa ajali za kurudi nyuma, taasisi hiyo hiyo iliona kamera ya nyuma ikizipunguza kwa asilimia 17, onyo la magari yanayokatiza nyuma kwa asilimia 22, na breki ya nyuma inayojifunga yenyewe kwa asilimia 78. Ukiniuliza ni kitu gani cha gredi ya juu ambacho watu hukipuuza bila sababu, nitakitaja hicho. Hakina mvuto shoorumu kwa sababu hakionekani. Mara nyingi nacho hakipo kwenye gredi ya chini hata pale breki ya mbele ipo.

Sasa pitia mifumo mikuu mmoja mmoja kwa swali lile lile.

Breki ya dharura ya mbele. Kwa gari jipya usikubali kuuziwa hii kama zawadi ya gredi ya juu. Mwezi Machi 2016 watengenezaji 20 waliahidi nchini Marekani kuifanya ya kawaida kwenye karibu magari yao yote madogo ifikapo Septemba 2022, na Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa magari yote mapya yanayosajiliwa tangu Julai 2024. Camry na Accord za 2018 tayari zilikuja nayo hadi gredi ya chini kwenye soko la Marekani. Swali la maana sasa ni nini inachokitambua: magari tu, au na watembea kwa miguu na baiskeli? Mchana tu, au na usiku? Na ukikata kona mbele ya gari linalokuja, inaangalia? Kwa gari lililotumika la kabla ya 2018, usidhani chochote, hakikisha.

Kruzi inayofuata gari la mbele. Uliza kasi yake ya chini. Zipo zinazojizima ukishuka kwenye mwendo wa foleni na kukuachia breki ghafla, na zipo zinazosimama kabisa nyuma ya gari lililosimama na kuondoka tena. Kwa hizo za pili, uliza zinasubiri kwa muda gani kabla ya kukutaka ubonyeze kitufe au uguse mafuta. Anayekaa kwenye foleni kila siku asilinganishe chochote kingine kabla ya hiki. Na ujue jambo moja kuhusu rada: kitu kilichosimama tuli mbele yako ukiwa kwenye mwendo mkali ni kigumu kwake, kwa sababu rada huchuja vitu visivyotembea isije ikafunga breki kwa kila nguzo na daraja. Vitabu vya magari husema hivyo wazi. Kruzi hii inafuata gari linalotembea, lililoharibika katikati ya njia linabaki kuwa kazi yako.

Mistari ya barabara. Hapa kuna vitu vitatu vinavyouzwa kwa jina karibu moja. Kipo kinachotikisa usukani au kulia ukivuka mstari bila indiketa. Kipo kinachokusukuma urudi ukishaugusa mstari, ambacho ukikiachia kitakupeleka kutoka mstari huu hadi ule kama mpira. Na kipo kinachokushikilia katikati ya njia muda wote. Cha tatu ndicho kinachopunguza uchovu kwenye safari ndefu, na ndicho kinachobagua gredi. Kwenye Nissan Altima ya 2019 nchini Marekani, ProPILOT Assist, inayounganisha kruzi na kushikilia katikati, ilianzia gredi ya SV. Gredi ya S iliachwa bila hiyo. Ikumbuke pia kasi: msaada wa kushikilia njia kwenye Accord ya 2018 ulianza kufanya kazi kwenye kilomita 72 kwa saa. Anayeendesha mjini mwendo wa 50 angeulipia mfumo huo na asikutane nao kabisa.

Sehemu zisizoonekana kwenye vioo. Taa ndogo kwenye kioo cha pembeni, inayowaka gari likiwa ubavuni mwako. IIHS waliiona ikipunguza ajali za kubadili njia kwa asilimia 14. Ni namba ndogo ukilinganisha na breki, lakini sedani za siku hizi zina nguzo nene za nyuma na madirisha membamba, na mimi ningepanda ngazi moja kwa ajili yake. Accord ya 2023 kwenye soko la Marekani ni mfano safi: LX haikuwa nayo, EX ilikuwa nayo. Zingatia hapa tena, zipo zinazowasha taa tu na zipo zinazokuvuta urudi ukianza kuhama.

Mengine nayapita haraka. Taa kamili zinazojishusha zenyewe ni nzuri na huja karibu bure. Kusoma alama za kasi kunategemea alama zenyewe kuwepo na kuwa safi. Onyo la usingizi, liwepo tu. Kujiegesha kwenyewe nimewahi kukutumia mara mbili, mara ya pili nikionyesha marafiki.

Hatua ya 4: Tafsiri majina ya biashara, kisha soma kitabu cha gari

Toyota Safety Sense, Honda Sensing, Hyundai SmartSense, Kia Drive Wise, Nissan Safety Shield 360, Mazda i-Activsense, Subaru EyeSight. Haya ni majina ya vikapu. Ndani ya kikapu hutofautiana kwa mwaka na kwa gredi. Camry ya 2018 ilikuja na Toyota Safety Sense P, ya 2025 ikaja na Safety Sense 3.0, na kuziita zote "ina Safety Sense" ni sawa na kusema simu mbili zote zina kamera. Hata vifaa hutofautiana: EyeSight ya Subaru imejulikana kwa kutegemea kamera mbili kwenye kioo cha mbele, kama macho mawili, wakati wengine wengi huunganisha kamera moja na rada.

Chukua karatasi yako, weka safu ya kila gari, na ujaze kwa maneno yako, kamwe usitumie ya kampuni: "inafunga breki kwa mtu usiku: ndiyo", "inashikilia katikati: kuanzia kasi fulani". Majibu utayapata kwenye kitabu cha gari, ambacho kampuni nyingi hukiweka intaneti bure. Mimi nakipenda kitabu hicho kuliko kipeperushi kwa sababu moja. Kipeperushi kimeandikwa na wanaotaka ununue, kitabu kimekaguliwa na wanaoogopa ushtaki. Sura ya tahadhari itakuambia bila aibu: mfumo unaweza usifanye kazi kwenye mvua kubwa, jua la machweo, kamera ikiwa na tope, mistari ikiwa imefutika. Ukiisoma sura hiyo ya magari mawili mfululizo, utajua lipi limekomaa.

Hatua ya 5: Weka matarajio kwenye ngazi ya 2

Shirika la wahandisi wa magari, SAE, lina kiwango kiitwacho J3016 kinachogawa uendeshaji katika ngazi 0 hadi 5. Sedani zilizotajwa hapa, hata za gredi ya juu kabisa, zinaishia ngazi ya 2: gari linaweza kushika usukani na mwendo kwa pamoja, lakini dereva ni wewe kila sekunde. Neno lolote la tangazo linalokupa picha ya kulala njiani lipuuze.

Jambo la kulinganisha hapa ni jinsi gari linavyokulinda usijisahau. Linapima mkono kwa nguvu ya kuuzungusha usukani, kwa mguso wa ngozi, au kwa kamera inayoangalia macho? Ukipuuza onyo linafanya nini, linapunguza mwendo au linajizima na kukuachia? Mwezi Machi 2024 IIHS walitoa alama za kwanza za ulinzi wa aina hii kwa mifumo 14. 11 ilipata alama ya chini kabisa, na mmoja tu ulifikia "inakubalika". Hakuna uliopata "nzuri". Hivyo mfumo unaokusumbua kidogo kwa maonyo ni afadhali kuliko ule unaokuacha ustarehe.

Hatua ya 6: Angalia gredi ya juu inakuondolea nini

Watu hudhani kupanda ni kuongezewa tu. Rimu ndilo somo zuri. Kwenye Accord haibridi ya 2023, EX-L ilivaa rimu za inchi 17 na Sport na Touring zikavaa za inchi 19. Injini na mota ni zile zile, nguvu farasi 204. Kwenye vipimo rasmi vya Marekani, EX-L ilitoa maili 48 kwa galoni kwa wastani, hizo nyingine 44. Geuza iwe lita: takriban 4.9 dhidi ya 5.3 kwa kilomita 100. Ukitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, ni karibu lita 90 zilizoteketea, sehemu kubwa kwa ajili ya sura ya magurudumu.

Kisha weka kiganja kwenye ubavu wa tairi. La 225/50 R17 lina ukuta wa mpira wa milimita 112 hivi. La 235/40 R19 lina 94. Karibu sentimita mbili za mto kati ya rimu na shimo zimeondoka. Barabara zako zikiwa na mashimo, hilo utalisikia mgongoni kabla hujalisikia kwenye rimu iliyopinda. Na ukifungua sakafu ya buti, hakikisha tairi la akiba bado lipo, kwa sababu kwenye baadhi ya gredi na haibridi utakuta chupa ya dawa ya pancha na kipampu.

Paa la kioo hushusha dari. Kama wewe ni mrefu, keti nyuma na mbele, kichwa kikiwa wima, kwenye gredi ile ile unayonunua. Usipime kwenye ya jirani.

Taa za mbele ni upande wa pili wa shilingi, hapa gredi ya juu inaweza kukupa kitu cha kweli. IIHS walipoanza kupima taa mwaka 2016, walijaribu magari 31 ya ukubwa wa kati. Gari moja tu lilipata alama nzuri, Toyota Prius v, na hapo pia ni likiwa na furushi la taa za LED. Prius v ile ile ikiwa na taa za kawaida za halojeni ilipata alama mbaya kabisa. Gari moja, alama ya juu na ya chini, kwa furushi. Anayeendesha usiku kwenye barabara zisizo na taa aziweke taa za mbele juu kabisa ya jedwali lake.

Hatua ya 7: Endesha, na uendeshe wakati mgumu

Omba jaribio la saa moja, si la kuzunguka jengo. Ikiwezekana, chagua saa ya machweo. Jioni moja nilikuwa kwenye barabara kuu na mfumo wa kushikilia katikati umekaa vizuri kabisa, alama ya usukani ikiwaka kijani. Barabara ikapinda kidogo kuelekea magharibi, jua likaingia moja kwa moja kwenye kamera, na ile alama ikageuka kijivu. Hakuna mlio. Usukani ukawa mwepesi tu mikononi, kama mtu aliyekuwa anakusaidia kubeba meza ameachia upande wake bila kusema. Nilikuwa nimeshika, hakuna kilichotokea. Lakini tangu hapo swali langu la kwanza kwenye jaribio ni: ukijizima, unaniambiaje?

Breki ya dharura usiijaribu. Usimwelekee mtu, boksi wala gari ili kuona kama itafunga. Ya kujaribu ni haya:

Kwenye foleni, washa kruzi, mguu ukiwa juu ya pedali ya breki tayari. Sikiliza inavyosimama, kwa ulaini au kwa kukurusha mbele. Mtu akikuingilia mbele, inatulia au inapaniki?

Kwenye njia yenye mistari iliyofifia, ona mfumo unang'ang'ania hadi wapi. Ukitoa indiketa na kuhama, unakupisha?

Rudi nyuma kutoka kwenye maegesho ukiwa katikati ya magari makubwa mawili, msaidizi akiwa nje, na uone onyo la pembeni linawaka mapema kiasi gani.

Halafu zima kila kitu. Tafuta kitufe cha kuzima kushikiliwa kwa mistari: kipo kwenye usukani, au kimezikwa ndani ya kurasa nne za skrini? Zima injini, washa tena, uone kama chaguo lako limebaki. Mfumo unaokukera na unaorudi kila asubuhi utaishia kuchukiwa, na dereva anayeuchukia mfumo huacha kuusikiliza.

Hatua ya 8: Hesabu matengenezo

Kamera iliyogundishwa kwenye kioo cha mbele ina maana kioo kikipasuka hubadilishi kioo tu. Kamera inahitaji kusawazishwa upya kwa vifaa maalumu, na kwa baadhi ya magari hata kupima magurudumu kunaweza kulazimisha kazi hiyo. Kioo kinachoonyesha kasi mbele ya macho ya dereva ni cha aina yake, cha kawaida kikiwekwa mahali pake maandishi yanaonekana mawili mawili. Rada za pembeni hukaa ndani ya kona za bampa la nyuma, na bampa lililopigwa puti na rangi nene linaweza kuzifumba. Kabla hujanunua, tafuta fundi mwenye uwezo wa kusawazisha chapa hiyo. Asipopatikana, gredi yenye vifaa vichache inakuwa chaguo la busara zaidi kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kwa gari lililotumika, uliza kama kioo au bampa vimewahi kubadilishwa na uombe karatasi ya usawazishaji. Angalia nembo ya mtengenezaji wa kioo kwenye kona ya chini, ukilinganisha na madirisha mengine. Angalia pia kama kuna stika au karatasi ya giza iliyobandikwa mbele ya kamera.

Siku ya kulipa, linganisha namba ya chesisi kwenye hati na ile iliyo kwenye gari lenyewe, kisha keti ndani peke yako na orodha yako ya fungu la kwanza. Washa swichi bila kuwasha injini: taa zote za maonyo ziwake. Washa injini: zizimike. Nenda kwenye skrini, fungua kila mfumo uliouandika, uuone kwa macho kuwa upo na unakubali kuwashwa. Taa ya breki ya dharura ikiendelea kuwaka rangi ya chungwa, na muuzaji akisema "hiyo ni sensa tu", rudisha kalamu mfukoni hadi hiyo sensa tu itengenezwe.